Bomba la Mlango wa Buluu

Nilitumwa kwenda kujifunza, nami nilikwenda nikiwa nimekwisha kulikataa somo. Kijiji chetu, juu ya vilima vya Fizi, kilikuwa na bomba moja la maji, lililonyamaza kwa kiangazi cha pili mfululizo; wake zetu walikuwa wamerudi kuteka bondeni, penye kijito kinachonywewa na ng'ombe. Kamati ya maji iliniteua mimi, mwalimu na mwandishi wao wa barua, pamoja na mjane mmoja asiyejua kusoma, twende tukakitazame kijiji cha mfano kilichosifiwa ufuoni mwa ziwa, upande wa Swima. Swali letu lilikuwa moja: kwa nini maji yao yanatoka na yetu hayatoki?

Tulishuka kwa pikipiki mbili hadi Baraka, kisha tukaifuata barabara ya ziwa. Aliyetupokea alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na nilipomtambua nilikosa raha. Tulisoma pamoja. Mimi nilikuwa wa kwanza kila mwaka. Yeye alirudia mwaka wa tano mara mbili, na mitihani aliyofaulu aliifaulu kwa kulichungulia daftari langu.

"Bamama, muone huyu muntu," aliwaambia wanawake waliokuwa wakianika mihogo. "Ku école mi nilikuwa nakopi kwake. Leo njo amekuja kukopi kwangu."

Walicheka. Mjane wangu naye alicheka, nami sikumsamehe hadi jioni.

Tulizungushwa. Miche ya michikichi ilikuwa imepangwa kwa mistari, njia zimefagiliwa, mboga zimemwagiliwa maji. Kila kilichokuwa kizuri kilinichoma, na macho yangu yakawa yanatafuta kasoro kama kuku anayechakura. Hatimaye niliona mlango wa choo ulioning'inia kwenye bawaba moja, nikafurahi furaha ambayo ningemkemea mwanafunzi yeyote kuwa nayo.

Tulipofika kwenye bomba nilitoa kalamu. "Haya ni maji ya projet gani?"

Mwenyekiti alinishangaa. "Projet ilienda zamani. Hii iko ya mama wa mulango ya buluu."

Alitueleza. Siku wafadhili walipofungasha vifaa vyao, wazee walikataza bomba lolote lisiitwe tena kwa jina la mradi. Kila bomba likakabidhiwa nyumba moja na kuitwa kwa nyumba hiyo. "Maji ni ya bote," alisema. "Lakini aibu ni ya nyumba moja. Robine ikiharibika, ni ile nyumba inaona haya."

Mama mwenyewe alitoka, akaifungua robine, yaani koki ya bomba, mbele yetu na kutuonyesha kipira cha ndani, alichokikata kutoka mpira wa baiskeli kuukuu. "Kikiisha, nakata ingine. Nikichelewa, bamama batasema mulango iko buluu lakini nyumba iko chafu."

"Na fundi munamutoa wapi?" aliuliza mjane.

"Fundi gani, dada? Ni kisu tu."

Sikuandika neno. Siku ya kuzinduliwa bomba letu, mimi ndiye niliyetoa hotuba. Niliwafundisha watu kwamba asiyemkumbuka mtoaji hastahili zawadi, nikaagiza hata watoto waliite "maji ya projet". Walinitii. Kipira kilipochakaa bomba likavuja, tukayafunga maji kule kwenye tangi linalolilisha ili yasipotee, tukamngoja mwenye mali, kwa kuwa mtu mwadilifu hafungui kitu cha mwenzake. Niliandika barua tatu kwa Kifaransa safi. Hazikujibiwa.

Njiani kurudi nilitunga taarifa: wale wako karibu na barabara, ardhi yao ni tambarare, walisaidiwa sana. Kila neno lilikuwa kweli, na kwa pamoja yalikuwa uongo. Afadhali wake zetu waendelee kupanda kilima na madumu, nilikuwa nikisema pasipo kulisema, kuliko mtu yule aonekane amenipita.

Jumapili, baada ya ibada, kamati ilimwuliza mjane kwanza.

"Mwalimu aseme," alijibu. "Ye njo alisoma."

Hakunikejeli; aliamini hivyo. Nilianza na barabara, nikafika kwenye ardhi tambarare, na hapo nikaiacha taarifa yangu. Niliwaambia kwamba bomba letu liliuawa na jina, na kwamba aliyelitoa jina hilo ni mimi. Kisha nikawaeleza habari ya mlango wa buluu.

"Kumbe ni kipira tu?" aliuliza mzee mmoja.

"Ni kipira tu."

Kabla ya jua kukaa utosini robine ilikuwa imefunguliwa na kutiwa kipira kipya, tangi limefunguliwa, na maji yalikuwa yakitoka. Ikabaki kuchagua nyumba. Iliyo karibu zaidi na bomba ni yangu. Ni hatua chache tu, na nilikwisha kusafisha koo ili nikubali kwa unyenyekevu.

"Mwalimu hapana," alisema mama mmoja. "Ikivuja, ataiandikia barua."

Watu wote walicheka, mke wangu akiwa miongoni mwao. Wakampa mjane, anayekaa mbali zaidi, nyuma ya nyua mbili. Tangu siku ile linaitwa bomba la mjane. Kila asubuhi, dirishani pangu, nawasikia watoto wakilitaja jina hilo huku madumu yakijaa, nami hadi leo sijajifunza kulipenda.