Kaban Niliyoikausha kwa Moshi

Kama umeiona ile video ya mwanamume mwenye kanzu nyeupe aliyekumbatia ala ya muziki iliyopasuka, masizi yakimwagika mapajani mwake, usihangaike kuuliza ni nani, ni mimi, na nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu Garissa nzima inaisimulia na kila mtu anatia chumvi yake (wako wanaosema moto uliwaka, wallahi haukuwaka).

Nianze na mama. Mama yangu anaishi Buna. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la mifugo, na akirudi safari alikuwa anaoga, anakula, halafu anachukua kaban yake, ile ala ya nyuzi ambayo watu wa pwani huiita udi, anakaa nje ya mlango na kuanza kupiga. Mama hakuwa akitoka kumtazama. Aliimba akiwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, huku anaosha vyombo, na sisi watoto tulilala katikati, nyuzi zinatujia kutoka huku na sauti kutoka kule. Baba alipofariki kaban ikawekwa juu ya kabati, mchwa wakaimaliza, na mama akaacha kuimba. Ukimuuliza anasema maneno yamempotea. Mimi sikuamini. Niliona maneno yapo, yanangoja nyuzi tu.

Ndiyo maana nikaenda kujifunza kutengeneza kaban. Kununua ningeweza kununua, lakini nilitaka mama asikie kitu kilichotoka mikononi mwa mtoto wake. Fundi wangu ni Adeer Bare (adeer ni baba mdogo, na kwetu kila mzee huitwa hivyo), mzee mwenye karakana karibu na soko la mifugo, anayeunda vitanda na milango, na kaban huunda akikupenda. Ni mtu wa maneno mengi. Mimi na yeye tunazungumza Kisomali vizuri kabisa, ila akitaka kunisema anahamia Kiswahili ili wateja wote wasikie.

"Nyinyi watu ya ofisi," anasema, "munataka kila kitu iwe kama simu, unabonyeza, inatoka. Hii mbao bado inakunywa upepo, haijakauka. Bole bole. Wacha imalize kunywa."

Mgongo wa kaban huundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vinavyopindwa kwa joto, kimoja kimoja, na kuunganishwa kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa. Juu yake unabandikwa uso, ubao mwembamba wenye tundu la duara, na juu ya uso kinabandikwa kijiti kinachoshikilia nyuzi. Mgongo wangu ulitoka vizuri (Adeer Bare aliugeuza na kuugeuza akitafuta kosa, akalikosa, akakasirika). Tulikuwa ndiyo kwanza tumeubandika uso, ubao wake bado mbichi kidogo, harusi ya dada yangu Hodan ilipopangwa na mama akasema anakuja.

Mama hatoki Buna kirahisi. Ana mbuzi wake, na anasema ile barabara imemvunja mgongo. Nilijua akija na kurudi, kumpata tena ni majaaliwa. Na Adeer Bare naye akasafiri kwenda Griftu kuangalia ngamia wake, akaiacha kaban imefungwa kamba pande zote, akaniambia nisiziguse mpaka arudi.

"Nikizifungua itakuwaje, adeer?"

"Ukifungua, uso utabanduka, utakuwa na sinia."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake leo. Lakini siku hiyo nilifika nyumbani nikamkuta Hodan anafukiza dhiil, chombo cha maziwa, anatia vijiti vyenye moto ndani, anafunika, anatikisa, anamwaga majivu. Kila mtu wa kwetu anajua chombo kilichofukizwa hukaza, hakivuji, na hudumu hata kumzidi mwenyewe. Nikakitazama kile chombo, nikafikiri (hapo ndipo matatizo yangu yote huanzia), nikasema, kama moshi unakausha dhiil, kaban ina dhambi gani? Nikarudi karakana, ufunguo ninao, nikaichukua kaban na kuileta nyumbani, nikajaza makaa kwenye chetezo cha udongo ambacho dada hufukizia nguo, nikaiinamisha tundu likitazama moshi, nikakaa nayo mchana kutwa.

Hodan akapita, akasimama mlangoni. "Walaal, ndugu yangu, hiyo imejifungua?" akauliza, maana kwetu anayefukizwa hivyo ni mzazi.

"Nenda kachague nguo zako za harusi," nikamwambia.

Ilikauka. Niliigonga kwa ukucha ikalia kama ngoma, nikafungua kamba, nikatia nyuzi na kuzikaza zote kwa mpigo mmoja, ingawa Adeer Bare alinifundisha kukaza kidogo na kuiacha ala ilale, kukaza kidogo na kuiacha ilale.

Siku ya harusi, baada ya nikaha na chakula, watu walikaa chini ya hema uani kwetu, wanaume huku, wanawake kule, pazia la katikati limekunjwa kwa sababu ya joto. Nilikaa kwenye mkeka na kaban yangu, kando ya Abti Kusow, ndugu yake mama, aliyekuwa na glasi yake ya chai ya viungo.

"Abti, unajua kupiga kweli," akaniuliza (kwetu mjomba na mpwa huitana abti), "au unataka tukuogope tu?"

Nikapiga. Nilianza na ule wimbo ambao baba alikuwa anaanza nao akitoka safari, na nikwambie ukweli, ilitoa sauti. Wanaume wakanyamaza. Upande wa wanawake waliendelea kuongea, isipokuwa mama. Nilimwona akiweka sahani chini. Akavuta shungi lake mbele kidogo, akaangalia mikono yake, na mimi nikarudia ule mwanzo, polepole, jinsi baba alivyokuwa anaurudia kumngoja. Nikasikia pumzi, ile anayoivuta mtu kabla ya neno la kwanza.

Wakati huohuo uzi mmoja ukalegea. Leo najua haukulegea, ni gundi iliyolainishwa na joto iliyokuwa inaachia, lakini mimi nilimwogopea mama asije akabadili nia, sikutaka kungoja hata kidogo, nikaunyakua ule uzi na kuukaza.

Kulitokea mlio mmoja mkavu. Kijiti kiling'oka kikaruka na nyuzi zake hadi ndani ya glasi ya Abti Kusow, chai ikammwagikia kifuani, na uso wa kaban ukafunguka kama mdomo, ukatapika masizi na majivu juu ya kanzu yangu. Nikaikumbatia kwa nguvu ili ifunge, ikazidi kufunguka. Nikapangusa jasho kwa ile mikono, na uso wangu nao ukawa mweusi.

Abti Kusow alitia vidole kwenye glasi, akatoa kile kijiti, akakichunguza. "Sasa abti, hii ni kaban au ni jiko?"

"Na inanukia dhiil," akasema mwanamke mmoja kutoka kule. "Mkamulieni ngamia."

Hema lote likaangua kicheko. Mwenzangu wa ofisini, mtu wa Kitui, alikuwa ameinua simu tangu mwanzo. "Ndugu, rudia hapo mwisho," akaniomba kwa upole, "sikupata vizuri."

Mama pia alicheka, mpaka akafuta machozi kwa shungi. Nami nikacheka, ningefanya nini, lakini masikio yangu yalikuwa bado kule kwake. Lile neno halikuja.

Kesho yake nilimsindikiza kwenye basi.

"Nani alikwambia uifukize?" akaniuliza tukiwa tumesimama na mizigo.

"Nimemwona Hodan, naye alikuona wewe, hooyo."

"Mimi dhiil yangu naifukiza tangu nilipoolewa, na bado naifukiza. Wewe ulitaka yote yale kwa mchana mmoja."

Nikamuuliza kama jana yake alikuwa anataka kuimba. Akashughulika na fundo la mzigo wake ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Neno nilikuwa nimeliona," akasema. "Nilikuwa karibu." Kisha akapanda.

Adeer Bare aliporudi kutoka Griftu habari ilikuwa imemfikia kabla hajashuka kwenye gari. Hakunifukuza. Mgongo ulikuwa mzima, akachagua ubao mpya wa uso, akaulaza kivulini juu ya boriti za karakana, na mpaka leo upo hapo. Nimeapa mbele yake na mbele ya wateja wake kwamba sitausogeza karibu na moto wa aina yoyote, hata wa sigara ya jirani.

Mama hupiga simu siku ambazo mtandao wa Buna unakubali. Ananiambia habari za mbuzi na za mvua, halafu anauliza, "Imekauka?"

"Bado, hooyo."

"Basi ngoja," anasema, na sauti yake siku hizi imekuwa nyembamba, au pengine ni mtandao, sijamuuliza. Simu ikikatika naenda karakana, napanda kwenye kigoda, naugusa ule ubao kwa kidole kimoja. Una ubaridi wa maji bado. Nauacha.