Cheni Iliyokaangwa kwa Mawese

Jamani, kiangazi hiki nimerudi nyumbani Malangali, huku Ufipa, na hata begi sijaliweka chini nikasikia mlio ulionisimamisha nywele. Krii-chaka, krii-chaka! Nyuma ya nyumba ya dada yangu mtu alikuwa anazungusha gurudumu, na cheni inalia kwa ukavu. Nikaliacha begi mlangoni. Nikamkuta mpwa wangu, binti wa dada, anayesoma chuo cha ufundi, amechuchumaa kando ya kigari cha mashindano: mabomba ya chuma yaliyochomelewa, matairi madogo manene, injini ya pikipiki nyuma ya kiti.

"Shikamoo mjomba," akasema bila kuinua macho. "Jumamosi tunashindana, na cheni zinanimaliza. Nafunga mpya, wiki haiishi imelegea."

"Marahaba. Lete mafuta ya taa," nikamwambia, huku nakunja mikono ya shati. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa mtoto.

Maana sisi tulishindana kabla yake, rafiki yangu, mimi na mama yake. Chetu kilikuwa cha mbao, hakina injini. Injini ilikuwa miguu ya dada. Pedeli tulizitoa kwenye baiskeli iliyokufa kwa jirani, cheni ikatoka pedeli hadi gurudumu la nyuma. Dada anakanyaga, mimi ndiye fundi. Tulishindana na watoto wa ng'ambo ya kijito, kwenye barabara ya vumbi kutoka kanisani hadi mashine ya kusaga, baada ya mavuno, watoto wote wakiwa hawana kazi isipokuwa kupukuchua mahindi. Vumbi la wakati ule acha kabisa! Ulikuwa ukipiga chafya, leso inatoka nyekundu.

Tatizo letu lilikuwa moja: cheni hatukuwa nayo. Tuliazima ya baiskeli ya Baba. Na baiskeli ile ndiyo iliyopeleka maharage yetu sokoni mjini, ndiyo iliyorudi na sukari, sabuni na viatu vya shule. Baba alitukubalia kwa sharti. Jumamosi mchana tuifungue, jua likizama iwe imerudi mahali pake. "Siku nitakayoisikia cheni yangu inalalamika," alisema, "kigari chenu mama yenu atakipikia kande." Na Mama, nakuapia, alikuwa anazitazama zile mbao kwa jicho la kuni.

Basi tukaogopa. Tukataka cheni idumu, ilainike, iteleze. Na nyumbani kwetu kitu kilichoteleza kuliko vyote kilikuwa mawese. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alikuwa akipanda kutoka Wampembe, ziwani, na migebuka yake mikavu na dumu la mawese, jekundu, linanukia. Kwetu mawese yalitibu kila kitu: mboga chungu, midomo iliyopasuka, visigino. Cheni itashindwaje? Dada akachota kikombe kizima. Tukaimwagia, tukaipaka, tukaisugua mpaka viwiko vikawa vyekundu. Weee! Mchana ule tuliruka! Jua lilikuwa kali, mawese yanatiririka, dada anapiga kelele, sisi wa kwanza mpaka mashine. Jioni tukairudisha cheni kwa Baba huku tunacheka, na paka wa nyumbani anatufuata akiramba njia nzima.

Tulichosahau ni kwamba mawese ni ya ziwani, kwenye joto. Huku juu Ufipa, alfajiri ya kiangazi, hata wewe mwenyewe unaganda.

Baba akatoka na gunia la maharage, giza halijaisha. Hakufika hata kanisani. Mawese yalikuwa yameganda pamoja na vumbi lote la mashindano, cheni imekuwa ngumu kama mkia wa mgebuka mkavu. Ikaruka meno, Baba akaenda upande huu, gunia upande ule, maharage yakamwagika barabarani. Tulimwona anarudi anasukuma baiskeli, koti la baridi limejaa vumbi. Akasimama mlangoni, akanusa vidole vyake.

"Nani amekaanga cheni yangu?"

Mama kutoka jikoni: "Ndiyo maana mboga ya jana ilikuwa kavu! Wajinga nyie!"

Nilijua kigari kimekwisha. Nilikuwa nalia kabla sijaguswa. Lakini Baba alianza kucheka, kwanza kwa pua, halafu tumbo zima, mpaka akakaa kizingitini. Tulipomaliza kuokota maharage akatuita, akamimina mafuta ya taa kwenye kopo, akaitumbukiza cheni, akanipa mswaki mkuukuu. Tuliiosha mpaka mafuta yakaacha kuwa meusi, tukaianika juani. Kisha akachukua mafuta ya cherehani ya Mama. Tone moja kila kiungo, kwa ndani, unazungusha polepole. Halafu kitambaa, unafuta nje mpaka mkono utoke safi. "Mafuta yakae ndani," alisema. "Yakikaa nje yanaita vumbi, na vumbi ndilo linalokula chuma." Akatuonyesha meno ya mbele, penye pedeli, na ya nyuma, penye gurudumu, yatazamane sawasawa, cheni isikazwe kama waya wa kuanikia nguo, icheze kidogo kwa kidole. Mwisho akainamisha sikio, akazungusha pedeli.

"Cheni nzuri haisikiki," akasema.

Jumamosi iliyofuata wale wa ng'ambo walikuja na cheni iliyolowa oili chafu ya lori, nyeusi tii, na wanajisifu. Thubutu! Kufika nusu ya njia imejaa mchanga, inasaga kama mashine ya mahindi, mara ikachomoka. Dada akawapita kimya kimya. Nilikimbia pembeni yake nikasikia pumzi zake na matairi tu. Nilifurahi mpaka nikauma ulimi! Na Baba alikuwepo mwishoni, ameinamisha sikio kama anasikiliza redio.

Barabara ya kanisani sasa ni ya lami. Baiskeli ilishauzwa, na sauti ya Mama jikoni haipo tena. Nami nimeikumbuka sauti hiyo wiki hii yote kuliko nilivyodhani, tukiosha cheni za mpwa wangu, tukinyoosha meno ya mbele na ya nyuma mpaka yakatazamana.

Jumamosi tulimpeleka Baba uwanjani, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki na koti lake zito. Masikio yake yamekufa kabisa, unamwambia kitu mdomo ukiwa sikioni. Vigari vikaja kwa vumbi na kishindo, vingine vinakwaruza, kimoja kikatupa cheni kwenye kona. Mpwa wangu akapita mbele yetu, wa kwanza! Dada anaruka, mimi naruka, watu wazima na akili zetu.

Baba akanivuta mkono. "Cheni yake inasemaje?"

Nikainama nikapiga kelele: "Haisikiki, Baba!"

Akatabasamu, akaegemea kiti chake, ameinamisha sikio lile lile.

"Basi leo," akasema, "na mimi nasikia kama nyinyi."