Chacha Marwa wa Herufi Ndogo

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa kikundi cha wachimbaji alinipa kitambaa nifute vumbi la kompyuta. Nilikuwa nimeishia darasa la saba.

"Mura, unajua kuiwasha?" aliniuliza, akiniita kijana kwa lugha ya kwetu.

"Sijui."

"Afadhali wewe umesema. Aliyekutangulia alisema anajua, akaiunguza."

Hivyo ndivyo nilivyoanza ukarani, Tarime, wakati watu wakimiminika kutoka kila upande kufuata dhahabu.

Kila mchimbaji alikuwa na faili lake ndani ya kompyuta. Asubuhi nilisimama kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la dhahabu, nikaandika nani ameshuka. Jioni niliandika nani amepanda. Duara likibomoka, watu wangetafutwa kwa orodha hiyo. "Ukiruka jina, umemzika mtu," Katibu aliniambia.

Kompyuta yetu ilitumia mfumo endeshi huria. Mfumo endeshi ndio unaoiamsha mashine na kusimamia programu nyingine zote. Ukiitwa huria, maana yake yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Alinifundisha binamu yangu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Ulikuwa na tabia moja niliyoipenda: jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, na lile lile kwa herufi ndogo, kwake ni mafaili mawili.

Kwetu mtoto hupewa jina la babu, na ukiita Chacha pale kwenye duara vinageuka vichwa vitano. Tulikuwa na Chacha Marwa wawili wasio na undugu, mmoja mtu mzima wa Machochwe, mwingine kijana wa Nyansurura. Mkubwa nikamwandika kwa herufi kubwa, mdogo kwa herufi ndogo.

"Wajina, karani amekubania herufi," mkubwa alimtania.

"Wewe amekuandika kama bango la baa, wajina."

Ikafika wakati toleo la mfumo wetu likazeeka, waliolitengeneza wakaacha kulipelekea marekebisho. Binamu akaniletea toleo jipya kwenye sidii. Kupandisha toleo bila kufuta kitu kulihitaji intaneti, nasi hatukuwa nayo. Ilibidi ninakili mafaili yote kwenye flashi, nifute diski, niweke mfumo mpya, kisha niyarudishe.

Siku hiyo watu walikuwa wameshuka, nami nilikuwa nimekwisha kuwaingiza. "Umeme upo leo. Ifanye," Katibu akasema. Ningeweza kumwomba tungoje wapande. Sikumwomba. Saa nane mchana nilikuwa nimemaliza, nikajiona fundi.

Saa tisa duara likabomoka, maana mvua ilikuwa imenyesha siku tatu.

Nikaichapisha orodha, ikaonyesha watu sita chini. Wakatolewa sita, wote hai, wengine hawawezi hata kusema, wakakimbizwa hospitali. Msimamizi wa Duara akaisoma karatasi yangu mara mbili. "Wametimia. Tokeni wote, udongo unatembea." Uchimbaji ukasimama. Kwenye karatasi ile, Chacha Marwa alikuwa hakushuka, yuko msibani. Mimi asubuhi nilikuwa nimemwona yule kijana akishuka, lakini karatasi ilipotoka niliiamini kuliko macho yangu.

Kesho yake Chacha mkubwa akarudi kutoka kwenye msiba kwao.

"Wajina wangu amelazwa wapi?"

Nikamjibu kwamba kwenye orodha Chacha Marwa hakushuka.

"Huyo ni mimi," akasema.

Nikakimbilia kompyuta. Yumo Chacha Marwa mmoja tu. Flashi ile ilipangwa kwa namna ya mifumo mingine, isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Faili la mkubwa lilipofika lilikaa juu ya la mdogo, kimya, bila kuuliza.

Walichimba tena, wakamkuta mchana amekufa, amekaa, ameegemea ukuta. Hakuwa na jeraha la kuua; hewa ilikuwa imemwishia.

Katibu alinivuta pembeni. "Sema mashine iliharibika. Nani huku atajua?"

Nilikwenda Nyansurura, nikakaa mbele ya baba yake, Mzee Marwa, nikamweleza yote.

"Hiyo mashine ilikwambia imemfuta?"

"Hapana, tata," nikamjibu, kama tunavyomwita baba. "Haikusema."

"Na wewe hukuhesabu?"

"Sikuhesabu."

Alinisogezea sahani. Kisha akasema, "Kula chakula cha msiba. Ukimaliza, usirudi tena hapa."

Nilikula. Sikuwa na njaa, lakini nilikula.

Baadaye nilihamia Mugumu, kwenye ofisi ya ghala la mazao, kisha Morotonga, shuleni. Matoleo mapya yaliendelea kuja, na kila moja nililiweka kwa utaratibu ule ule: kila kitu nilikipa namba yake, nikahesabu mafaili kabla ya kufuta na baada ya kurudisha, nikayasoma majina kwa sauti moja baada ya jingine. Meneja wa Ghala aliwahi kuniuliza, "Karani, unasali?" Nikamwambia nahesabu.

Nimestaafu sasa. Vijana wa siku hizi wanapandisha toleo kwa kubonyeza mara moja, na mara nyingi hakipotei kitu. Nawaomba wahesabu hivyo hivyo.

Mwaka niliostaafu, Mzee Marwa alifariki. Nilipanda gari mpaka Nyansurura, nikasimama barabarani nje ya boma lake mpaka wakamaliza kuzika. Chacha mkubwa aliniona, akaja kunishika mkono niingie. Sikuingia. Mwenye boma alikuwa ameniambia nisirudi.