Majua Madogo Sakafuni

Redio ilitutangazia wiki nzima: jua litapatwa, siku fulani, saa fulani, dakika fulani. Mimi ni mfanyabiashara, ahadi ya mtu huikata nusu kabla sijaiamini. Sukari tulikuwa tunaahidiwa kila mwezi na hatuioni; iweje watu wajue mwezi utakatiza wapi na dakika gani? Nikamwendea jirani yangu mwalimu. Akanieleza kwamba jua ni pana kuliko mwezi kiasi cha mara mia nne, lakini pia liko mbali kuliko mwezi kiasi cha mara mia nne, ndiyo maana ukivitazama kutoka Shinyanga vinalingana. Nikamwomba arudie. Akarudia, ikawa vilevile. Nimeshika mizani tangu ujana, nimeuziana na wachimba dhahabu wa Geita, na sijaona mizani iliyokaa sawa namna hiyo bila mtu kuiegemea kwa kidole.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilikuwa imeharibika. Aliposikia habari za jua alitaka kuliona kwa macho yake, lakini mama yake alikuwa amekuja kutoka Ushirombo kumwangalia, na kwa mafundisho yake mjamzito hatoki nje jua likipatwa, mtoto asije akazaliwa na alama. Au asizaliwe. Hilo la pili hakulisema, lakini sote tulilisikia.

Nikajaribu kupatana naye. Kwa heshima ya ukwe nisingeweza kuingia chumba alichomo, kwa hiyo mimi nilisimama ukumbini, yeye chumbani, mlango katikati yetu. Shikamoo, marahaba. Nikaomba dakika kumi za uani, akakataa. Nikashuka hadi tano. Nikashuka hadi kutazama tu ndani ya beseni la maji, palepale kizingitini. Nimepatana na madalali wenye roho ngumu, lakini wao angalau hukohoa kabla ya kukataa.

"Baba," alisema mwishowe, "jua litapatwa tena. Huyu ninaye mmoja."

Nikaaga, nikaondoka mlangoni.

Siku yenyewe akaziba dirisha la chumba kwa matambara, akamfungia mwanawe ndani, akaketi mlangoni. Mimi nikaenda msikitini kwenye swala ya kupatwa kwa jua. Tulipotoka mchana ulikuwa umepauka. Vivuli vilikuwa vikali kama vimekatwa kwa wembe, upepo umepoa, kuku wanatafuta banda. Uani kwa mwalimu watu walikuwa wameinamia beseni. Nami nikainama: jua lilikuwa limebaki ukucha. Nikatazama saa yangu, kisha ya mwalimu. Redio haikukosea hata dakika. Nikajiona kama mtu aliyegundua kwamba nyumba anamopanga ni kubwa mno na hajawahi kumwona mwenyewe.

Ndipo nikamsikia mke wangu akiita kutoka nyuma ya matambara.

"Yameingia. Njooni muone, yameingia."

Nilipofika ukumbini mama mkwe alikuwa ameshafungua na kuingia, nami nikaingia nyuma yake bila kukumbuka ukwe. Sakafu ilikuwa imejaa kucha za mwanga. Bati zetu nilizinunua ghala la pamba lilipoezuliwa, bei ya kujisifia, zimejaa matundu ya misumari yaliyopasuka ovyo. Kila siku yalimwaga sakafuni vidoa vya mviringo, na sikuwahi kujiuliza tundu lililochanika linatoaje kidoa cha mviringo. Kumbe kila kidoa kilikuwa jua zima, limejichora. Sasa majua yote yalikuwa yameumwa upande uleule. Nikayahesabu, nikarudia, hesabu zikakataa kuoana, maana yalikuwa yakitembea.

Matatu yalikuwa juu ya tumbo la mke wangu.

Mama yake akaweka kiganja kuyafunika. Yakapanda mgongoni mwa mkono wake.

"Limemgusa," alinong'ona.

"Limekugusa na wewe, mama," mke wangu akasema.

Mama yake akautazama mkono. Akaugeuza, yakamkaa kiganjani. Kisha akaniuliza mimi, bila mlango katikati, kama ni lile la juu. Nikamwambia ndilo. Akauliza limepitaje kwenye tundu la msumari, nikasema sijui, na ilikuwa mara ya kwanza kujibu hivyo bila kuongeza neno.

Akaketi kitandani. Tukatazama kucha zikinenepa, polepole, zote pamoja, sakafu nzima. Mkono wake ulikuwa umerudi tumboni mwa mwanawe, na uso wake ukabadilika.

"Anacheza," alisema.

Akainuka, akachomoa matambara dirishani, akamwambia mwanawe atoke upesi kabla kupatwa hakujaisha. Mke wangu alifika uani kikiwa kimebaki kipande kidogo cha giza pembeni mwa jua. Akainamia beseni, na mama yake akamshikia kanga isidondokee majini.