Suruali ya Tonton na Shairi la Watoto

Nakisimulia kisa hiki mwenyewe, kabla hamjakisikia kwa wake za wavuvi kule kwenye maporomoko, maana mpaka leo hawajamaliza kucheka.

Nilianza ualimu nikiwa nimevaa suruali ya tonton wangu, kaka wa mama, karani mwenye tumbo kubwa. Mkanda sikuwa nao. Kila baada ya maneno machache niliipandisha kiunoni, nikazoea hata nikasahau kwamba nafanya hivyo.

Nikawafundisha watoto wa darasa la kwanza shairi la siku ya wazazi. Amri yangu ilikuwa moja: “Munitazame muzuri, mufanye sawa vile ninafanya.”

Rafiki, njoo tucheze,
uwanja ni wetu leo,
ukianguka nitakuinua.

Siku ikafika. Père direkta, padri mkuu wa shule, Mbelgiji asiyejua kucheka, alikaa mbele. Ndiye angeamua kama nitabaki kazini. Watoto wakasema mstari wa kwanza vizuri kabisa. Kisha wote, hata wasichana wenye magauni, wakajishika kiunoni na kupandisha suruali ambazo wengine hawakuvaa. Mstari wa pili, vilevile. Wamama wakaficha nyuso ndani ya vitambaa vyao.

Nikadhani ni utundu. Nikasimama kwa hasira. “Nani aliwafundisha vile?”

“Ni weye, mwalimu,” akajibu msichana wa mbele, kwa heshima zote.

Père direkta akageuka kunitazama. Nikafungua kinywa nikane, lakini mkono ulikuwa umeshafika kiunoni na suruali imeshapanda. Watoto wakaona ishara, wakapandisha zao, wakaanza shairi upya.