Paipu ya Oili ya Gari la Daktari

Siku ya kwanza kazini sikushika spana. Fundi mkuu wa karakana yetu ya Buzuruga, Mwanza, mzee wa Kisukuma mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliniwekea mezani turbo iliyofunguliwa na kuniambia nioshe vipande vyake kwa mafuta ya taa. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, mwanamke pekee kati ya mafundi saba.

"Unajua kazi ya hii kitu?" aliuliza.

"Inaongeza nguvu ya injini, mzee."

"Inaongeza hewa. Nguvu inakuja yenyewe."

Kwa wasioijua, turbo ina feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa injini unazungusha feni ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa kuingia ndani ya injini. Shafti hiyo inazunguka kwa kasi kubwa mno, ikitegemea oili. Oili ikikatika kwa muda mfupi tu, turbo imekufa. Kwa hiyo fundi mkuu alikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuibishia: ukitengeneza turbo, unabadilisha na paipu inayoiletea oili. Paipu ya zamani hujenga masizi magumu ndani, nawe huwezi kuyaona.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya malori. Nilijifunza kupima uchakavu wa shafti, kubadilisha sili zinazozuia oili kuvuja, na kusawazisha feni kwenye mashine, yaani kukwangua chuma kidogo upande uliozidi uzito mpaka mtikisiko uishe. Fundi mkuu alipostaafu, nilipewa meza yake.

Nilikuwa kwenye meza hiyo alipokuja daktari. Alikuwa mpasuaji, mtu wa Kagera, mpole wa kuongea. Gari lake lilikuwa la mbio, la zamani, milango miwili, jekundu, na turbo yake ilikuwa inatoa moshi wa bluu.

"Sitaki tu lipone," alisema. "Nataka lipumue kuliko lilivyotoka kiwandani. Jumamosi nakwenda Bukoba, mdogo wangu anaoa."

Niliweka feni kubwa zaidi ya hewa, na badala ya bushi zinazoshikilia shafti nikaweka beringi za gololi, ambazo ni nyepesi kuzunguka. Ilikuwa kazi nzuri, naweza kusema hivyo. Lakini paipu mpya iliyoagizwa Dar haikuwa imefika. Ningependa kuandika kwamba meneja wa karakana alinilazimisha. Hakunilazimisha. Niliipuliza paipu ya zamani kwa hewa ya kompresa, ikapitisha vizuri, nikaifunga.

Gari lilifika Usagara tu, nje kidogo ya Mwanza. Masizi yalibanduka ndani ya paipu yakaziba njia ya oili, shafti ikakatika, na oili iliyovuja ikadondokea eksozi ya moto. Daktari alifungua boneti kwa mkono wa kushoto na moto ukamrukia.

Alirudi karakana baada ya wiki kadhaa, mkono ukiwa na bandeji. Meneja alikuwa ameniita mapema ofisini kwake. "Mwambie oili aliyoweka ilikuwa mbovu," aliniambia. "Hawezi kujua."

Daktari aliketi, akauliza kilichotokea. Meneja akaanza kueleza habari za oili. Nilimkatiza.

"Daktari, ni paipu. Ilitakiwa mpya. Nilirudisha ya zamani."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Aliinuka na kuondoka. Mwezi uliofuata nilihamishiwa tawi la Nansio, kule kisiwani, kutengeneza turbo za injini za boti na malori machache. Nansio ni mji mzuri, lakini fundi wa turbo akipelekwa huko anaelewa kwa nini. Nilipanga chumba karibu na soko, na kwa miezi mingi nilikuwa nafungua kazi niliyokwisha kuifunga, ili niikague tena.

Mwaka wangu wa tatu kisiwani, gari jekundu lilishuka kwenye kivuko likivutwa kwa kamba. Daktari alikuwa anatembea nyuma yake.

"Mafundi wapo Mwanza," nilimwambia baada ya salamu.

"Wapo. Nilimuuliza kila mmoja, ukikosea utaniambia nini? Wote walisema hawakosei."

Nilimuuliza habari za mkono. Aliunyoosha. Vidole viwili havikunjiki. "Kupasua niliacha," alisema. "Sasa nafundisha." Nilifungua boneti nikaanza kuifungua turbo.

Safari hii paipu ilichukua wiki tatu kufika. Gari lilikaa limefunikwa turubai mpaka ilipokuja. Siku ya kulichukua, aliendesha taratibu hadi gatini. Sikuliona tena.

Nimestaafu mwaka huu. Karakana ilinifanyia sherehe ndogo, na mafundi wakaniomba niwaachie neno. Niliwasimulia habari ya Usagara mwanzo hadi mwisho, pamoja na vidole viwili. Baadaye meneja wa sasa aliniambia siku kama ile ilitaka maneno ya furaha. Nilimjibu kwamba katika miaka yote ile, hilo ndilo neno nililoona linafaa kuwaachia. Kisha nikamaliza wali wangu, nikaaga, nikaenda nyumbani.