Kilatini kwa Sauti Nne

Kwa muda mrefu nilikana kwamba nafundisha Kilatini. Majirani zangu wa Kilibula wakiniuliza, niliwajibu "Kifaransa", kwa sababu Kifaransa hakihitaji maelezo. Ukisema Kilatini, swali linalofuata ni: unaongea na nani?

Siku ya kwanza kazini niliripoti kweli kama mwalimu wa Kifaransa. Prefe, yaani mkuu wa shule, alifungua kabati akanipa kitabu kisicho na jalada.

"Madamu, wa Kilatini amekwenda Bukavu. Weye ulisoma chuo kikuu."

Kwake mjadala ulikuwa umekwisha. Huko chuo kikuu Kilatini nilikisoma kama mtu anavyomeza kwinini.

Ninyi mnaoanza ualimu leo, mjue tulivyofanya. Tulianza na maneno: agricola mkulima, nauta baharia, puella msichana, rosa waridi. Kisha sentensi ya kitabu: mkulima anampa msichana waridi.

"Madamu," akasema Bahati, mtoto wa Kalundu, kule bandarini, "mukulima wa Katogota atapeleka maua kwa binti? Si atapeleka muhogo?"

"Tafsiri, Bahati."

"Na huyu nauta, kila somo anatazama maji tu. Mizigo nani iko anapakia?"

Baada ya maneno ilikuja deklinezo, yaani namna jina linavyobadilisha mkia. Kilatini hakijali sana neno limekaa wapi. Mkia ndio unaosema nani katenda na nani katendewa. Puella ametenda, puellam ametendewa. Nilieleza Jumatatu, wakasahau Jumanne. Katika daftari zao waridi lilimpenda mkulima, na meza ikamwita baharia.

Ndipo prefe akanijulisha kwamba inspekta wa shule atakuja kuwapima wanafunzi wanaoanza. Wakishindwa, seksheni ya Kilatini inafungwa, wanafunzi wanahamia biashara.

"Na miye?"

"Weye, tutaona."

Tutaona yake niliijua. Mwalimu wa uchoraji aliambiwa hivyo hivyo. Sasa anauza sabuni.

Furaha, aliyeongoza kwaya ya kanisa lao huko milimani juu, akainua mkono. "Madamu, kwetu hatuandikake nyimbo, na hatusahau. Tutie hii mikia sauti." Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutobisha. Wakagawana soprano, alto, tenori na besi. Haukupita muda, darasa la biashara jirani likawa linaimba mikia yetu, na mwalimu wao akaja kunigombeza.

Siku ya mtihani hakuna aliyekumbuka kuwaambia wasiimbe. Walifumba midomo wakauvumisha ule wimbo, sauti zote nne, kila mmoja akiutafuta mkia wake. Inspekta akasimama.

"Wanapitishiana majibu!"

"Inspekta, wanakumbuka tu."

"Kwa besi?"

Akakusanya karatasi, wengine hawajamaliza, akapanda gari.

Nimestaafu sasa, mapema kidogo, magoti yalinitangulia. Walimu vijana wakiniuliza mbinu, ninawajibu kana kwamba niliwahi kuwa nayo. Ukweli, darasa lile nililifokea hadi koo likakauka, na kilichowaingia ni kile nilichokaribia kukikataza. Lakini wiki ile ya kungoja matokeo sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na simu tu, na nilikwenda nayo hadi chooni.

Ililia nikiwa sokoni. Prefe.

"Madamu, inspekta amesahihisha. Anasema hawakuibiana."

"Amejuaje?"

"Makosa hayafanani. Kila mutoto amekosea kwa akili yake mwenyewe. Lakini wengi wamepita. Seksheni inabaki, na weye unabaki."

Nikaegemea meza ya muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

"Ila iko jambo moja," akaendelea, akishusha sauti. "Inspekta iko hapa pembeni yangu. Tangu siku ile ule wimbo haumutoki kichwani, na kila mara anakwama pale pale. Anauliza: kwa mukia wa mwisho, sauti inapanda ao inashuka?"

"Inashuka," nikasema. Prefe hakuelewa. Ikabidi, mbele ya ndagala na wateja wote, nimwimbie.